Kesi ya haki za kikatiba Kenya: jinsi ya kuchagua mahakama ya kuipeleka

Kwenye meza ya msaada wa kisheria swali linalokuja ni lilelile, sura tu ndiyo hubadilika. "Nilipigwa na askari Kilifi lakini wakili wa binamu yangu yuko Nairobi, sasa nishtaki wapi?" "Nimefutwa kazi kwa sababu ya mimba. Hizi si haki za binadamu? Basi si ni Mahakama Kuu?" "Kampuni inamwaga maji machafu kijijini kwetu. Twende kwa hakimu, kwa kadhi, ama kwa nani?" Nimejibu kwa mdomo miaka mingi. Leo naandika, ili mwenye shida aweze kusoma usiku akiwa nyumbani, kabla hajalipa nauli ya kwenda kortini.

Nazungumzia Kenya, chini ya Katiba ya 2010. Aliye Tanzania ana Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3, na masharti yake ni mengine kabisa. Asifuate hatua hizi.

Kuna kosa la kukosea kituo na kuna kosa la kukosea aina ya mahakama, na watu huyachanganya. Ukipeleka Nairobi kesi iliyopaswa kuwa Malindi, jaji anaweza kuihamisha. Ukipeleka Mahakama Kuu kesi ya kazi, unaweza kuambiwa haikuwahi kuwa kesi. Niliwahi kukaa na dada mmoja aliyefutwa kazi hotelini akiwa na mimba ya miezi sita. Aliyemwandikia karatasi aliona neno "ubaguzi" na kifungu cha 27 cha Katiba, akakimbilia Mahakama Kuu. Mwajiri alileta pingamizi la awali, yaani hoja kwamba kesi haifai hata kuanza kusikilizwa, ukurasa mmoja tu. Mwaka na miezi miwili ikapita kabla uamuzi haujasomwa, na ulikuwa na maana moja: toka, hapa sipo. Mtoto alikuwa ameanza kutembea. Hakuna aliyekuwa amemuuliza hata kama kweli alifutwa kwa sababu ya mimba.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Karatasi moja yenye tarehe, saa na mahali kila tukio lilipotokea. Mahali pawe na jina: mtaa, kata, kaunti. "Pwani" haitoshi.
- Ushahidi ulio nao: nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), fomu ya P3 (ya polisi, ya kuandika majeraha), karatasi za hospitali, barua ya kufutwa kazi, notisi ya kuhamishwa, picha, majina ya mashahidi na wanapoishi.
- Jina kamili la unayemlalamikia. Kama ni serikali ya kitaifa, Mwanasheria Mkuu ndiye hushtakiwa kwa niaba yake. Serikali ya kaunti hushtakiwa kwa jina lake yenyewe.
- Barua zote ulizowahi kuandika kulalamika, na majibu kama yalikuja.
- Orodha ya kesi nyingine yoyote inayogusa jambo hilohilo, hata ya jinai, hata ya kaka yako. Utaulizwa.
- Katiba, hasa Sura ya Nne, ile ya haki, na Kanuni za 2013 za kutetea haki na uhuru wa kimsingi, ambazo mawakili huziita Kanuni za Mutunga kwa jina la aliyekuwa Jaji Mkuu. Zote zinasomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law.
- Kitambulisho, nambari ya simu na barua pepe inayofanya kazi, kwa ajili ya mfumo wa kufungua kesi mtandaoni.

Wakili si lazima, lakini ukimpata mchukue. Kama huna uwezo, uliza Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria au mashirika ya haki yaliyo karibu nawe.

Hatua ya 1: Andika kisa chako kwa sentensi tatu

Ya kwanza: nani alifanya nini. Ya pili: wapi na lini. Ya tatu: unataka mahakama ifanye nini. Usiandike kifungu chochote cha Katiba bado.

Mfano: "Askari wa kituo fulani walinikamata nikitoka sokoni, wakanipiga na kunifungia siku nne bila kunipeleka kortini. Ilikuwa Mtwapa, Kaunti ya Kilifi, mwezi wa Machi. Nataka mahakama itangaze kwamba haki zangu zilivunjwa na nilipwe fidia."

Sentensi ya tatu ndiyo yenye uzito kuliko zote, na ndiyo watu huiruka. Jaji akitaka kujua kesi ni ya mahakama ipi, haangalii umetaja vifungu vingapi, huangalia unaomba nini. Ukiomba urudishwe kazini, hiyo ni kesi ya kazi hata kama umejaza kurasa kumi za utu na usawa. Ukiomba hatimiliki ifutwe, hiyo ni ya ardhi.

Hatua ya 2: Amua kama kweli hii ni petisheni

Si kila dhuluma hupelekwa kwa njia ya petisheni ya kikatiba, yaani kesi ya kudai kwamba haki iliyo ndani ya Katiba imevunjwa. Mtu akikukopa asikulipe, amekudhulumu, lakini hiyo ni kesi ya deni. Gari la serikali likikugonga, kwa kawaida hiyo ni kesi ya madai ya uzembe. Mahakama zetu zimekuwa zikisema kwamba kama sheria ya kawaida inaweza kumaliza jambo, usiivute Katiba.

Kwa upande mwingine, usidhani petisheni ni ya kuishtaki serikali peke yake. Kifungu cha 20 kinasema haki za Sura ya Nne zinamfunga kila mtu, kampuni na mwajiri wakiwemo.

Aliyekamatwa bila sababu au kushtakiwa kwa chuki anaweza pia kufungua kesi ya kawaida ya madai mbele ya hakimu. Hakimu Mkuu husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 20, na hakimu mkazi yasiyozidi milioni 5. Njia hiyo mara nyingi iko karibu na nyumbani. Lakini ina mtego: madai ya namna hii dhidi ya serikali yana ukomo wa miezi 12. Petisheni ya kikatiba haina ukomo ulioandikwa, ila ukichelewa lazima ueleze kwa nini, na jaji hupima kama maelezo yako yana mashiko. Ukija mwezi wa 14 na kisa cha kupigwa na askari, basi mlango wa hakimu umefungwa na uliobaki ni wa petisheni.

Hatua ya 3: Uliza kama kuna mlango wa kwanza unaopaswa kuubisha hodi

Hapa ndipo kesi nyingi nzuri hufia. Kama Katiba au sheria imeweka utaratibu wa kutatua mzozo wako, mahakama itakuuliza kwa nini hukuanzia huko. Msimamo huu ulisemwa na Mahakama ya Rufaa katika kesi ya Spika wa Bunge dhidi ya Karume mwaka 1992, na hadi leo karibu kila pingamizi la awali huutaja.

Mzozo wa uteuzi ndani ya chama cha siasa huanzia kwenye chama chenyewe, kisha jopo la mizozo ya vyama. Mambo ya kodi yana jopo lake la rufaa. Ugomvi na chama cha ushirika una jopo lake pia. Picha au nambari yako ya simu ikitumiwa bila ridhaa, anza na Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Sheria ya 2019 inaipa siku 90 kuchunguza na kuamua, na usiporidhika unakata rufaa Mahakama Kuu.

Kuna nafasi ya kuepuka. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015, kifungu cha 9, inamruhusu jaji kumwondolea mtu sharti hilo katika hali ya kipekee. Soma vizuri: ni lazima uombe. Usinyamaze ukitumaini jaji ataona mwenyewe. Andika ombi, eleza kwamba jopo halina wanachama, au haliwezi kutoa nafuu unayoihitaji, au ubomoaji ni kesho asubuhi.

Kwenye mazingira, Mahakama ya Upeo ilitoa uamuzi wa maana sana Desemba 2023 katika kesi ya Nicholus dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Ilisema kuwepo kwa jopo la mazingira hakumzuii moja kwa moja mwananchi anayedai haki yake ya kikatiba imevunjwa kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Wakikuletea pingamizi la "ungeanzia kwenye jopo" katika kesi ya uchafuzi, jibu lako liko hapo.

Malalamiko kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, au kwa IPOA inayochunguza polisi, ni mazuri na yanakupa ushahidi. Lakini hizo si mahakama, na kuzisubiri hakusimamishi ukomo wa miezi 12 nilioutaja.

Hatua ya 4: Chagua aina ya mahakama

Chukua sentensi yako ya tatu, ile ya unachoomba, uipitishe hapa.

*Mahakama Kuu.* Huu ndio mlango mkuu. Kifungu cha 22 kinakupa haki ya kwenda kortini, cha 23 na cha 165 vinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kusikiliza madai kwamba haki ya Sura ya Nne imenyimwa, imevunjwa au inatishiwa. Mateso, kukamatwa ovyo, maandamano, uhuru wa kusema, faragha, ibada, matibabu, elimu, sheria inayopingana na Katiba: yote haya huja hapa. Lakini kifungu cha 165(5) kinaizuia kugusa mambo yaliyotengewa mahakama mbili zinazofuata.

*Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.* Kama uhusiano wenu ni wa mwajiri na mwajiriwa na haki ilivunjwa ndani ya uhusiano huo, njoo hapa. Haijalishi kama ni ubaguzi, mimba, dini, ulemavu au chama cha wafanyakazi. Haijalishi kama mwajiri ni serikali. Hata askari aliyefutwa kazi kinyume cha sheria huja hapa, ingawa askari aliyekupiga wewe utamshtaki Mahakama Kuu. Mahakama hii inasikiliza petisheni za kikatiba na inatoa fidia, kwa hiyo hupotezi kitu kwa kuja kwake. Yule dada wa hotelini angekuwa salama hapa tangu siku ya kwanza.

*Mahakama ya Mazingira na Ardhi.* Mazingira, matumizi ya ardhi, umiliki, ukaaji. Kufukuzwa kwenye shamba, bomoabomoa, dampo, vumbi la kiwanda.

Kesi ya Owino Uhuru inaonyesha vizuri. Hicho ni kijiji cha Mombasa kilichopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na risasi, ile madini, ikaingia kwenye damu ya watoto na wazazi wao. Mwanaharakati Phyllis Omido na wakazi wangeweza kusema ni haki ya uhai na afya, wakaenda Mahakama Kuu. Nao walizitaja haki hizo. Lakini chanzo cha madhara kilikuwa mazingira yaliyochafuliwa, na petisheni ya 2016 ilipelekwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa. Julai 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, Mahakama ya Upeo ikairudisha Desemba 2024. Vita hivyo vyote vilipiganiwa kwenye msingi uliowekwa mahali pake.

Angalia mpaka mmoja unaowachanganya wengi: benki inapotaka kupiga mnada shamba lako kwa mkopo. Unaona shamba, unawaza Mahakama ya Ardhi. Mahakama ya Rufaa ilisema 2017, katika kesi ya Co-operative Bank na Kangethe Njuguna, kwamba mzozo wa rehani na mkopo si wa matumizi ya ardhi. Ni wa Mahakama Kuu.

*Hakimu.* Sheria ya Mahakama za Hakimu ya 2015, kifungu cha 8, inamruhusu hakimu kusikiliza madai ya haki za kikatiba, lakini mawili tu: mateso na ukatili, na utumwa au kutumikishwa. Hata hayo hawezi kukulipa fidia kwayo. Ndiyo maana ukisikia "hakimu ana mamlaka ya haki za binadamu siku hizi," uliza: kwa haki ipi, na nafuu ipi?

*Kadhi.* Mahakama ya Kadhi ni ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, kati ya Waislamu waliokubali kusikilizwa huko. Kesi ya kuzuiwa kuvaa hijabu shuleni si ya kadhi, ingawa inahusu Uislamu. Ni Mahakama Kuu.

Na kesi ikiwa na sura mbili? Tuseme watu wamefukuzwa kwenye makazi usiku, nyumba zikachomwa, polisi wakawapiga. Kuna ardhi na kuna mateso. Majaji hutafuta jambo kuu, yaani kiini ambacho mengine yote yameshikamana nacho. Kama kiini ni kama watu hao walikuwa na haki ya kukaa pale, ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na kipigo kitaelezwa ndani yake. Kama hakuna mzozo wowote juu ya ardhi na kiini ni kijana mmoja aliyevunjwa mguu, ni Mahakama Kuu. Ukishindwa kujua, rudi kwenye sentensi ya tatu, uiulize: mahakama ikinipa kitu kimoja tu, ningechagua kipi?

Onyo: usitie maombi ya kila aina kwenye petisheni moja ukidhani unapanua wigo. Ukiomba hatimiliki, mshahara na fidia ya kipigo kwa pamoja, umempa mpinzani wako pingamizi tatu. Mahakama hizi zina hadhi sawa lakini si mahakama moja. Mahakama ya Upeo ilishikilia hivyo katika kesi ya Karisa Chengo mwaka 2017, na jaji wa moja hawezi kuazima kiti cha nyingine.

Hatua ya 5: Chagua kituo

Sasa ndipo mahali panapohesabika. Kanuni ya 8 ya Kanuni za 2013 ni fupi: kesi ifunguliwe katika Mahakama Kuu ya eneo ambako haki inadaiwa kuvunjwa. Haisemi unapoishi wewe. Haisemi alipo wakili wako, wala makao makuu ya wizara. Ni pale tukio lilipotokea.

Kwa hiyo kipigo cha Mtwapa ni cha Kilifi, na hapo ndipo utauliza masjala kama eneo lako linahudumiwa na Malindi au Mombasa kwa sasa. Piga simu au fika. Mipaka ya vituo hubadilika vituo vipya vinapofunguliwa. Usimwulize jirani aliyeshtaki miaka kumi iliyopita.

Kama ukiukaji ulitokea sehemu mbili, mfano umekamatwa Lamu ukateswa Nairobi, chagua palipotokea sehemu kubwa na palipo na mashahidi, halafu ueleze kwenye petisheni kwa nini. Kama haki bado inatishiwa, ni pale madhara yatakapotua. Kama unapinga sheria ya nchi nzima, wengi hupeleka Milimani, Nairobi, kwenye Kitengo cha Katiba na Haki za Binadamu, lakini mwananchi wa Garissa anayeumizwa na sheria hiyo akiwa Garissa haki yake imeguswa Garissa, na anaweza kuanzia hapo.

Mawazo ya kwamba Nairobi ndiko kwenye "majaji wa Katiba wa kweli" yamewagharimu watu wetu sana. Nimeona wazee wakichangishana nauli ya basi la usiku, watu wanane, kufika Milimani saa mbili asubuhi na kuambiwa kesi itatajwa mwezi ujao. Jaji wa Mahakama Kuu aliye Malindi au Voi ana mamlaka yaleyale, na shahidi wako anaweza kumfikia kwa matatu na kurudi kwake jioni.

Hatua ya 6: Andika aya ya mamlaka

Watu wengi hutaja vifungu vya Katiba kwenye kichwa cha petisheni, wakaacha bila kueleza kwa nini wako mahakama hiyo na si nyingine. Andika aya moja, mapema, kabla ya kisa. Karatasi nyingi huandikwa kwa Kiingereza, lakini mwili wake ni huu:

"Petisheni hii inahusu ukiukaji wa haki zilizo katika vifungu vya 25, 28, 29 na 49 vya Katiba. Mahakama hii ina mamlaka chini ya vifungu vya 23(1) na 165(3)(b). Ukiukaji ulitokea Mtwapa, Kaunti ya Kilifi, ndani ya eneo la mahakama hii, kwa mujibu wa kanuni ya 8. Mzozo huu hauhusu ajira wala umiliki au matumizi ya ardhi. Hakuna kesi nyingine inayohusu jambo hili isipokuwa kesi ya jinai iliyotajwa katika aya ya 9."

Sentensi ya nne ndiyo inayomnyima mpinzani pumzi. Umeshajibu pingamizi kabla hajaliandika.

Kisha taja kila haki na jinsi ilivyovunjwa, moja baada ya nyingine. Tangu kesi ya Anarita Karimi Njeru ya 1979 mahakama zimedai mlalamishi aeleze kwa usahihi anacholalamikia, kifungu gani, na kwa namna gani. "Haki zangu zote zimevunjwa" haimsaidii jaji.

Hatua ya 7: Fungua na ukabidhi

Kwenye mfumo wa mtandaoni utaulizwa mahakama, kituo, kitengo na aina ya kesi. Nenda polepole hapa. Nimeona petisheni iliyoandikwa vizuri kabisa ikiingia kwenye orodha ya kesi za kawaida za madai kwa sababu kidole kilibonyeza mstari wa juu yake. Kabla ya kutuma, linganisha kichwa cha karatasi yako na ulichochagua kwenye skrini: kikisomeka "Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Malindi" kwenye karatasi na "Mahakama Kuu, Malindi" kwenye skrini, simama.

Katiba, kifungu cha 22(3), inataka kusiwe na ada ya kuanzisha kesi ya haki, na inaruhusu hata karatasi isiyo rasmi pale inapohitajika. Kanuni ya 10 inataja barua na hata ombi la mdomo, ambalo mahakama italiandika. Kama mfumo unakutoza kitu usichokielewa, fika masjala ukiulize kwa jina la kifungu hicho.

Ambatisha hati ya kiapo uliyoapa mbele ya kamishna wa viapo. Ukihitaji jambo lizuiwe haraka, weka ombi la agizo la muda chini ya kanuni ya 23 pamoja na hati ya dharura. Baada ya kufungua, una siku 15 za kuwakabidhi unaowalalamikia. Weka ushahidi wa kukabidhi: muhuri wa kupokea, au hati ya kiapo ya aliyekabidhi.

Kama mtu yuko ndani sasa hivi

Usifuate hatua saba. Aliyekamatwa lazima afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata kama saa hizo zitaisha mahakama imefungwa. Zikipita, nenda Mahakama Kuu iliyo karibu na alipozuiliwa uombe amri ya kumleta mbele ya jaji. Hiyo ni haki ambayo kifungu cha 25 kinasema haipunguzwi kwa hali yoyote. Ndugu au jirani anaweza kuiomba kwa niaba yake.

Ukikwama

*Nimeletewa pingamizi la awali kwamba mahakama haina mamlaka.* Lijibu kwanza, kabla ya jambo lolote. Tangu kesi ya meli ya Lillian S ya 1989 msimamo ni kwamba mahakama isiyo na mamlaka haiwezi kupiga hatua nyingine, kwa hiyo jaji atalisikiliza mwanzo. Soma wanasema nini hasa: ni kituo, ni aina ya mahakama, au ni mlango wa kwanza uliorukwa? Kila moja lina dawa yake.

*Nimegundua kituo si sahihi.* Omba kuhamishwa chini ya kanuni ya 8(2). Jaji anaweza pia kuhamisha mwenyewe. Kesi yako inaendelea na nambari ya kituo kipya.

*Nimegundua aina ya mahakama si sahihi.* Wapo majaji wanaohamisha kwenda mahakama ndugu, na wapo wanaosema kesi iliyofunguliwa pasipo mamlaka ilifika ikiwa maiti na haina cha kuhamishwa. Mahakama ya Rufaa ilisema hivyo katika kesi ya Phoenix dhidi ya Thiga mwaka 2019. Usingoje kujua jaji wako ni wa aina gani. Iondoe mwenyewe mapema kwa notisi, uifungue upya mahali pake wiki hiyohiyo. Kesi iliyoondolewa kabla ya kuamuliwa inaweza kurudi.

*Ilishatupiliwa mbali.* Soma uamuzi wote. Kama imetupiliwa kwa kukosa mamlaka tu, kisa chako hakijaamuliwa na unaweza kuanza upya. Kama jaji alikwenda mbele akaamua kisa chenyewe, njia yako ni rufaa, na notisi ya rufaa ina siku 14.

*Polisi wananishtaki kwa jinai kuhusu tukio hilohilo.* Petisheni inaruhusiwa, lakini itaje kesi ile waziwazi. Ukiificha, jaji akaijua kutoka upande wa pili, umepoteza imani yake kabla hajasoma ukurasa wa tatu.

*Nataka kwenda Arusha.* Kuna mahakama mbili kule na si mlango mmoja. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki haikutaki umalize kwanza mahakama za nyumbani, ila una miezi miwili tu tangu tendo lilipotokea au ulipolijua. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu haipokei kesi ya Mkenya mmoja mmoja moja kwa moja, kwa kuwa Kenya haijatia sahihi tamko la kuruhusu hilo. Waogiek, jamii ya Kenya, walishinda huko 2017 kwa sababu kesi yao ilipelekwa na Tume ya Afrika. Kwa aliyepigwa Mtwapa mwezi wa Machi, Arusha ya kwanza inafungwa Mei.